Nani Atalala Hapa?

Hospitali nzima ilimwita Shangazi. Madaktari, wauguzi, walinzi wa getini, hata mganga mkuu mwenyewe, mtu mzima mwenye kipara na heshima zake, akipita karibu na dirisha la udobi alikuwa akisema, "Shangazi, umeamkaje?" Naye alijibu huku pasi inatembea, maana shuka likikaa chini ya pasi kwa muda wa salamu huungua. Alikuwa shangazi wa kila mtu. Ila wale watatu waliompa jina hilo, wale wenye haki nalo, walikuwa mbali, kila mmoja na upande wake.

Habari yao si ndefu. Kaka yake alifariki, mke wa kaka akamfuata kabla watu hawajafuta machozi, wakabaki watoto watatu: Mkubwa, wa Kati, na Kitinda, binti aliyekuwa bado ananyonya kidole. Ndugu wakakutana, wakanywa chai, wakakohoa, kila mmoja akachunguza viatu vyake. Shangazi wakati huo alikuwa msichana mwenye kazi mpya na mchumba. Akasema, "Nipeni mimi." Mchumba alilisifu sana jambo hilo, akasema lina thawabu kubwa, na baada ya hapo hakuonekana tena.

Wakaishi wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Kitanda kilikuwa kimoja, miguu ya huyu usoni kwa yule, na Kitinda akiota alirusha mateke kama punda. Ugomvi wa blanketi ukizidi, Shangazi alikuwa akiwaambia, "Tulieni. Siku moja kila mtu atakuwa na chumba chake na mlango wake, na akinuna atanunia humo." Watoto walicheka. Yeye hakuwa anatania. Neno hilo alilibeba miaka yote, toka chumba hadi chumba, maana nguo ya kuazima haisitiri matako, na wenye nyumba hawaishi visa: huyu hataki watoto wakimbie koridoni, yule anachungulia ndoo za maji, mwingine anapandisha kodi kila akinunua kiti kipya.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wahenga walisema kweli, ila waliishia njiani, hawakutuambia lolote juu ya kazi inayobaki mwana akishaondoka. Mkubwa akawa dereva wa malori ya safari ndefu. Wa Kati akaenda migodini, huko ambako simu hushika mtandao mtu akipanda juu ya pipa. Kitinda akaolewa mji wa mbali, akapata watoto wawili, mmoja ana pua ya Shangazi mtupu. Usije ukawadhania ubaya. Wangekuwa wabaya ingekuwa nafuu, mtu angewalaani akapumua. Walikuwa watoto wazuri: walituma salamu, walituma picha, na kila mwaka walisema mwaka huu tutajitahidi. Chumba cha Shangazi kikawa kimya mpaka akazoea kuacha redio ikiongea peke yake anapokwenda kazini. Hakuwa na haja na habari za redio. Alitaka akirudi, akiingiza ufunguo, asikie ndani kuna mtu anasema neno.

Mambo mawili yakamwandama kwa pamoja. Mwenye nyumba alitangaza kwamba vyumba vyote vya mbele vitabomolewa viwe maduka, na chumba cha Shangazi kilikuwa cha mbele. La pili lilikuwa umri wake. Chama cha akiba cha wafanyakazi wa hospitali kiliwakopesha nyumba wale tu ambao bado wana miaka ya kufanya kazi, na yeye kustaafu kulikuwa kunabisha hodi. Karani wa chama, kijana mpole mwenye tai fupi, alimweleza kwa adabu zote.

"Shangazi, ukikosa safari hii, mwakani ombi lako halitapokelewa. Ni umri."

"Umri umefanya nini?"

"Umefika, Shangazi."

Alipomuuliza watakaoishi humo ni wangapi, Shangazi alijivuta kwenye kiti akakaa vizuri. "Familia," alisema. "Mimi, na wanangu watatu, na wajukuu." Karani akaandika. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Lilimtoka tu, na lilivyomtoka lilikuwa tamu mdomoni.

Dalali alimpata kwa njia ya kawaida ya kumpata dalali, yaani dalali ndiye aliyempata yeye. Alikuwa bwana mnene mcheshi, mwenye simu mbili na majibu matatu kwa kila swali. Akampeleka kwenye nyumba moja mwisho wa mtaa, ng'ambo ya karakana ya seremala. Mbele ilikuwa na sebule, jiko na chumba kimoja kikubwa. Nyuma, ukipita koridoni, vilikuwepo vyumba vitatu vimepangana, kila kimoja na dirisha lake na mlango wake. Vilikuwa vitatu. Shangazi alisimama katikati ya koridoni akavitazama, na Dalali, ambaye alijua kusoma uso wa mnunuzi kuliko alivyojua kusoma, akanyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Rangi mpya," alisema baadaye. "Nyumba inanukia rangi, mama."

Ilinukia kweli. Shangazi hakujiuliza kwa nini nyumba nzima ina rangi ya kuparara na vyumba vya nyuma tu ndivyo vimepakwa juzi. Alikuwa anapanga. Mkubwa atachukua cha mwanzo, maana anarudi safari usiku na hapendi kupita milango ya watu. Cha katikati ni cha wa Kati, jina lenyewe limeshasema. Cha mwisho, chenye jua la asubuhi, ni cha Kitinda na watoto. Alirudi kwake akiwa anaimba, na mpangaji wa jirani alimuuliza kama anaumwa.

Chama hakikutoa mkopo bila karatasi ya mkaguzi. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu watu wengi wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na nyumba njema si mlango. Mkaguzi waliyemtumia alikuwa mzee mwembamba wa maneno machache, magoti ya suruali yake meupe kwa chokaa siku zote. Mfuko wake ulikuwa na bisibisi, tochi, pima maji na gololi moja ya kioo. Kwa madalali alikuwa adhabu, na si kwa sababu ya ukali. Alikuwa na desturi yake: haingii chumba mpaka aambiwe nani atalala humo. Hakuwahi kuandika chumba namba moja, namba mbili. Kwenye karatasi zake utakuta "chumba cha bibi", "chumba cha mapacha", "chumba cha mgonjwa". Akishamjua wa kulala, ndipo anapoukagua ukuta kwa ajili ya huyo.

Alisimama mlangoni pa chumba cha mbele. "Nani atalala hapa?"

"Mimi," alisema Shangazi.

Akaingia. Akagonga kuta kwa mpini wa bisibisi, sikio karibu, akamulika dari, akaweka gololi sakafuni. Gololi ikatulia. "Nyumba ya zamani," alisema. "Waliojenga hapa hawakuwa na haraka."

Kisha akaenda nyuma, akasimama mlango wa kwanza wa koridoni. "Nani atalala hapa?"

"Mwanangu mkubwa."

"Na hapa?"

"Mdogo wake."

"Na pale?"

"Binti yangu na wanawe wawili," alisema Shangazi. "Wadogo bado. Huyu wa pili hajaanza shule."

Dalali akacheka. "Mzee, kazi yako ndefu. Ukuta ni ukuta, haumjui anayelala."

"Ndiyo maana nauliza mimi," alisema Mkaguzi. "Ufa hauui kwa ukubwa wake. Unaua kwa aliyelala chini yake."

Gololi aliyoiweka chumba cha mwisho haikutulia. Ilijifikiria kidogo, ikaanza kutembea, ikaongeza mwendo mpaka ikagonga kona ya nje. Mkaguzi akaifuata polepole, akapiga goti. Alitoa kalenda iliyotundikwa chini mno, usawa wa kiuno, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anasomea tarehe. Nyuma yake kulikuwa na plasta mbichi. Akaikwangua, akaingiza bisibisi, na bisibisi ikazama mpaka mpini. Alifanya hivyo kwenye vyumba vyote vitatu, palepale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Mahali pote bisibisi ilizama.

Wakatoka nje. Mkaguzi akaomba mtaimbo, akachimba kidogo kwenye msingi wa nyuma. Vilitoka majivu, vipande vya chupa, kisigino cha kiatu na matambara. Vyumba vya nyuma vilikuwa vimeongezwa baadaye juu ya shimo la takataka lililofukiwa, bila kufungwa na nyumba ya mbele hata kwa nondo moja. Vilikuwa vimeegemea tu, na sasa vilikuwa vinaondoka taratibu, vikienda zao upande wa pili.

"Basi tuuzibe," alisema Dalali. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo?"

"Methali hiyo naisikia kila wiki. Huu umeshazibwa mara nyingi. Kinachoondoka ni ardhi ya chini."

Shangazi alikuwa anakitazama kisigino cha kiatu. Mkaguzi akaandika, akamsomea kwa sauti, maana hiyo pia ilikuwa desturi yake. Chumba cha mama, salama. Chumba cha mwana mkubwa, hakifai kulaliwa. Chumba cha mdogo wake, hakifai kulaliwa. Chumba cha binti na watoto, hakifai kabisa, mvua kubwa moja inatosha.

Kwa hiyo nyumba ilikataliwa. Karani alieleza kwa masikitiko kwamba chama hukopesha nyumba inayowafaa wote walioandikwa, na walioandikwa ni wengi kuliko kuta. Mwenye kuuza alikuwa mrithi aliyeishi mbali na mwenye haraka. Hakutaka kusikia habari ya kujenga upya, na alisema seremala wa ng'ambo ameomba nyumba hiyohiyo aifanye stoo ya mbao. Shangazi angetengeneza kwa fedha yake, lakini fedha yake yote ilikuwa ndiyo ile ya kuanzia aliyotakiwa kuweka ili akopeshwe. Nyumba nyingine hakuna, na mwaka ulikuwa unakwisha.

"Inasikitisha," alisema Karani akifunga faili. "Kama ungekuwa unakaa peke yako, Shangazi, hii ingepita leo hii."

Alisema bila nia yoyote, kama mtu anayesema kama mvua isingenyesha tungecheza mpira. Shangazi alimtazama. Kisha akaaga.

Aliwapigia watoto. Aliona aibu kuomba, lakini alijiambia kwamba vyumba ni vyao, na watu wanne wakishika kamba moja ukuta utasimama. Mkubwa hakupokea, akatuma ujumbe: *Niko barabarani Shangazi, nitakupigia.* Wa Kati simu yake haikuwa juu ya pipa. Kitinda alipokea, nyuma yake kelele za watoto na maji yanayomwagika.

"Vyumba vya nani, Shangazi?"

"Vyenu. Chako kina jua la asubuhi. Ila ukuta una kasoro, ndiyo nikasema tushirikiane."

Kitinda akamkemea mtoto aache bomba, akarudi. "Shangazi, usijisumbue hivyo. Tafuta kijumba kidogo cha kukutosha. Sisi tukija tutafikia gesti."

"Gesti," alisema Shangazi.

"Ili tusikusumbue. Si unajua watoto walivyo wasumbufu?"

Alikuwa anajua. Alikuwa amelea watatu kwenye kitanda kimoja. Alisema haya mwanangu, msalimie mumeo, akakata simu. Kesho yake kazini aliunguza shuka, doa la kahawia lenye umbo kamili la pasi, na wenzake wakacheka sana kwa kuwa haijawahi kutokea. Akacheka nao. Moyo wake ulikuwa mzito mpaka akashindwa kuinua kikapu cha mashuka akaomba asaidiwe.

Siku kadhaa alizunguka na maneno ya Karani kichwani. Nyumba ilikuwa palepale, mlango wazi, na alichotakiwa kutoa ni sentensi moja tu. Sentensi yenyewe ilikuwa kweli, na ubaya wake ulikuwa huo. Uongo angeusema haraka akasahau. Hii ilikuwa kweli aliyoizunguka miaka mingi kama mtu anavyozunguka shimo njiani, bila kulitazama, mguu unajua wenyewe. Sasa alitakiwa asimame ukingoni aseme kina chake, tena mbele ya mwanamume asiyemjua.

Alimkuta Mkaguzi kwenye nyumba nyingine, yuko juu ya ngazi, kichwa kimezama darini.

"Nimekuja kwa ile nyumba yangu," alisema Shangazi kwa ile miguu. "Nataka uandike upya. Nitakaa peke yangu."

Miguu ikashuka ngazi mojamoja, na uso ukatokea, una utando wa buibui kwenye nyusi.

"Mama, kaa hapo," alisema, akimwonyesha ndoo iliyopinduliwa. "Nikuambie kitu, usinune. Watu wanakuja kwangu kila siku na neno hilo. Nyumba ikikataliwa kwa ajili ya watoto, ghafla watoto hawapo. Mzee aliyekuwa alale chumba kibovu, ghafla amehamia kijijini. Naandika upya, kwa huruma. Nikipita baadaye nakuta vitanda, nakuta kandambili ndogo mlangoni. Siku hizi siandiki."

"Mimi sidanganyi."

"Wote hawadanganyi. Wewe ulinitajia mpaka mjukuu ambaye hajaanza shule. Mtu mwenye familia namna ile haishi peke yake."

Shangazi alicheka, kicheko kifupi kikavu. Hakutegemea hili. Alikuja amejikaza kusema jambo gumu, amelisema, na sasa anaambiwa alithibitishe. Alitafuta ushahidi wa kwamba hana mtu. Mtu anautoa wapi? Mwenye watoto huonyesha watoto. Asiye nao aonyeshe nini?

"Nikufanyie nini uamini?" alisema.

Mkaguzi alifuta nyusi. "Yule binti. Mpigie. Niongee naye mwenyewe, na wewe usimwambie kitu kwanza."

Kwa hiyo simu ikawekwa juu ya ngazi, sauti ya nje, na wazee hao wawili wakaiinamia. Ikaita. Shangazi aliomba Mungu isipokelewe. Ikapokelewa.

"Shangazi, uko salama?"

"Binti, huyu ni mkaguzi wa nyumba," alisema Mkaguzi. "Shangazi yako yupo hapa, mzima. Nina swali moja la kazi. Nyumba anayonunua, wewe na watoto mtahamia lini?"

"Kuhamia?" Sauti ilishangaa. "Hapana, baba. Hakuna anayehamia. Sisi tuna kwetu."

"Na kaka zako?"

"Nao wana kwao. Shangazi anakaa peke yake muda mrefu sasa." Kisha, kwa upole, kwa upendo kabisa, kama mtu anayemwombea mwenzake wema: "Ameshazoea."

Mkaguzi akashukuru, akakata. Shangazi alikuwa anautazama mkono wake uliolala juu ya goti, mkono wenye makovu madogo ya pasi. Akaona kwamba hajazoea. Hajazoea hata kidogo, hata siku moja, na hakuna mtu duniani anayelijua hilo. Machozi yalimjia, akayaacha. Hakuwa na haja ya kumficha mtu ambaye ameshasikia yote.

"Samahani, mama," alisema Mkaguzi.

"Andika," alisema Shangazi.

Akaandika hapohapo juu ya ngazi, akamsomea. Mkaaji, mmoja. Chumba cha mama, salama. Vyumba vya nyuma, stoo, havitalaliwa na mtu. Alipofika hapo akainua macho.

"Utavifunga kwa kufuli. Na mimi nitapita. Sitasema lini. Nikikuta kitanda huko, naandika upya na chama kitaarifiwa. Ndivyo ninavyofanya kwa wote."

"Pita," alisema Shangazi.

Chama kikatoa mkopo. Karani alimpa ufunguo kwa mikono miwili akamwambia hongera, Shangazi, sasa umepata kwako. Wenzake wa chumba cha pasi walimnunulia jagi na bilauri sita, na mmoja akasema nyumba kubwa namna hiyo atapotea ndani. Wakacheka. Akahama na kitanda, redio, meza na jagi lake. Chumba cha mbele kilikuwa kizuri kweli. Kuta zilikuwa nene, zisizopitisha sauti ya jirani, na hilo ndilo alilolitamani miaka yote ya kupanga, ila sasa alijikuta akitegea sikio kusikia mtu akikohoa upande wa pili. Vyumba vya nyuma alivifunga kama alivyoahidi, akavifungua kwa kufagia tu, siku za mapumziko. Alifagia vyote vitatu, akafunga vyote vitatu.

Kitinda aliomba picha ya nyumba. Akampigia ya mbele. Mkubwa naye alipiga simu, akampongeza kwa furaha ya dhati, akamwambia siku akipitisha lori njia hiyo atasimama amwone. Wa Kati alituma kidole gumba.

Lililokuja kumshangaza Shangazi ni kwamba alianza kumsubiri Mkaguzi. Mwanzoni kwa hofu, kama mtu mwenye kosa. Kisha akagundua kwamba kosa hana, na jambo hilo likamuuma. Alianza kutamani akutwe nalo. Alijiona akihangaika mlangoni, akificha kandambili ndogo kwa mguu, akijitetea: wamefika jana tu mzee, nifanyeje, ni damu yangu, siwezi kuwalaza nje. Alimwona Mkaguzi akikasirika, akitishia chama. Ilikuwa ndoto tamu kuliko zote alizowahi kuota, kunyang'anywa nyumba kwa sababu imejaa watu.

Siku moja alivuka barabara akaingia karakana ya seremala. Akauliza habari ya kitanda cha mtoto.

"Mtoto wa umri gani?" aliuliza Seremala, penseli sikioni.

Shangazi alifungua mdomo. Yule mjukuu mdogo, aliyekuwa hajaanza shule, sasa ameanza au bado? Alijaribu kukumbuka picha ya mwisho, akakumbuka pua tu.

"Nitarudi," alisema, na hakurudi.

Mkaguzi alipita mvua za kwanza zilipokatika. Alibisha hodi mchana, siku ya mapumziko, na Shangazi alipoona ni nani alifuta mikono kwenye kanga akamkaribisha kama mgeni wa heshima. Akamwekea chai sebuleni kwenye kikombe kipya. Mkaguzi akanywa kidogo kwa adabu, akasema kazi kwanza, akatoa tochi.

Shangazi alimfungulia makufuli matatu. Alibaki koridoni, akisikia viatu vya yule mzee vikiingia chumba cha kwanza, vikisimama, vikitoka. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu alikaa zaidi, maana ukuta ulikuwa umesogea tena na mwanga wa nje ulionekana kwenye kona. Alimulika sakafu pande zote. Hapakuwa na kitanda, wala godoro lililokunjwa, wala kipande cha mwanasesere. Ilikuwa sakafu iliyofagiwa vizuri.

Akatoka, akazima tochi. Alionekana kama aliyeingiwa na aibu kidogo.

"Ulisema kweli, mama," alisema. "Karibu wote hunidanganya."

Shangazi alikuwa anarudishia kufuli la mwisho, na halikutaka kuingia. "Nilitamani nikudanganye," alisema bila kugeuka. "Nimekusubiri nikitamani hivyo."

Mkaguzi alisimama na tochi yake iliyozimwa. Alikuwa mtu wa kuta, na kwenye hili hakujua pa kugonga. Alimsaidia kufunga lile kufuli, akaandika kwenye karatasi kwamba masharti yamezingatiwa, akaaga. Shangazi alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi ndani, akainywa ile chai iliyobaki kwenye kikombe cha mgeni, maana ilikuwa bado ya moto.